Bila

Kiharusi kilimpata Sista Jelka usiku wa manane,
kikamnyang'anya mkono wa kulia na Kiswahili chote:
miaka thelathini na minne ya Kiswahili,
cha kuwagombeza wakunga, cha kubishania fungu la ming'oko,
kimemwagika kama maji ya povu.
Akabaki na kile alichonyonya.

Mimi dobi wa zahanati ya Lukuledi,
Somoe Nampota, nimeishia la saba.
Tabibu Nalicho kasema hakuna wa kumwelewa,
labda aandikiwe mkuu wa shirika, tusubiri.
Kiu haisubiri barua.
Nikafungua sanduku lake, nikakuta daftari la mwaka wake wa kwanza,
alilojifunzia sisi:
kushoto maneno ya kwao, kulia yetu.
Nikalisoma kinyume.

Kwanza jina. J yao ni y.
Yelka! Miaka yote tumemwita vibaya,
naye akaitika.

Halafu daftari likanicheka.
Baba ni bibi. Ruka ni mkono. Kula ni mnara.
Kiša ni mvua, na ukiitamka ni kisha,
kisha nini, hakuna, mvua tu.
Kosa ni nywele:
kila asubuhi nikamchana kosa lake,
jeupe, laini, halina mwenyewe mwingine.

Siku moja alitazama dirishani akasema moja kuća,
mimi nikasikia kucha moja.
Nikaleta wembe, nikamshika vidole,
upi, Sista, huu? Akalia.
Nikarudi daftarini:
moja, yangu. Kuća, nyumba.

Sisi neno tunalibadilisha kichwa: mtu, watu, kiti, viti.
Wao wanalikata mkia.
Voda, maji yametulia ndooni.
Vodu, unayanywa.
Nema vode, hayapo, mkia umeanguka pamoja nayo.
Vodom, unaogeshwa kwayo.
Mikia saba, ndoo ileile,
na mimi kitandani pake nabahatisha,
vodi? vodo? vode?
mpaka kope zishuke: ndiyo.

Kila kitu kina ngeli ya jinsia.
Kisu mwanamume, blanketi mwanamke,
jua si huyu wala huyu, limewekwa na mtoto, upande wa kati.
Nilikasirika. Kijiko kina uke gani?
Kisha nikakumbuka kwetu kijiko kiko na kiziwi na kifaranga,
nikanyamaza.

Nožem, kwa kisu, mkia unatosha.
S majkom, na mama, hapo lazima s isimame katikati,
maana mama si chombo.
Hilo halikunisumbua.

Somo lililonikamata ni la kuita.
Ukimtaja mtu, Ivan. Ukimwita, Ivane.
Petar, Petre. Sestra akiitwa anakuwa sestro.
Yaani jina likiwa limelala ni moja,
likiamshwa ni jingine.
Nikajigonga kifua: Somoe.
Akalitafuna lile e la mwisho,
akacheka kwa upande mmoja wa mdomo,
Somoe, Somoe,
kumbe nimezaliwa nimekwisha itwa.

Alikufa wiki ya salfa,
mashuka yote kambani yananuka mikorosho.
Ukurasa wa mwisho niliokuwa sijaufikia
ulikuwa wa wakati uliopita:
mwanamume alikuwa, bio,
mtoto alikuwa, bilo,
mwanamke alikuwa, bila.

Nikamwandikia fundi Chilumba karatasi ya msalaba.
Bila je naša. Alikuwa wetu.
Akaishika mbali na macho, brashi inadondosha rangi.
Bila je... akasoma, kama anayeuliza.
Bila nini, mama Somoe? Mbona hujamaliza?

Nikamwambia andika hivyohivyo,
na ile s uitie kofia.