Maumivu Yamehama

Jumatatu yalikuwa gotini, kushoto.
Jumatano nilipoyapeleka kwa daktari
yalikwisha kuhama, bila kuacha anwani.
Na mambo ya anwani nayajua: miaka ishirini na sita
nagawa barua hapa Saaremaa,
kwa baiskeli, na theluji ikizidi, kwa gari la posta.
Mtu akihama najua wa kumwuliza.

"Majibu yako mazuri," alisema daktari Kalmet,
akanigeuzia kompyuta
kama anayenionyesha picha za harusi.
Damu nzuri. Ini zuri. Figo nzuri, zote mbili.
Kipimo cha kupe: hasi.
Nikashukuru. Nilifunzwa adabu.
Kituoni basi likaja, likaniacha nimeketi,
kwa kuwa miguu ilikuwa haijapata habari
kwamba mimi ni mzima.

Kupe sikumwona. Hilo naliandika wazi,
maana kila mtu huuliza, na kila nikijibu
uso wake hufunga dirisha.
Niliona wekundu tu, nyuma ya paja, mwezi wa Juni,
siku nane baada ya kula mkate wangu wa mchana
majanini, nyuma ya kanisa.
Vello, mume wangu, alisema ni mbu.
Mbu gani huacha duara
kama kikombe cha kahawa juu ya meza?
Lakini picha sikupiga. Nani hupiga picha paja lake
akiwa na barua mia mbili mfukoni?

Dada yangu Hilja: ingia sauna, lala mapema.
Daktari wa pili: umri.
Wa tatu, Tartu, safari ya basi na kivuko na basi tena,
aliniuliza kama huwa nalia.
Nikasema ndiyo, nalia
nikishindwa kufungua chupa ya maziwa.
Akaandika "ndiyo" tu.

Husemwa mficha maradhi kilio humfichua.
Mimi sikuyaficha. Nimeyaanika mlango kwa mlango
yakakauka bila mtu kuyatazama.

Oktoba, barua ya pensheni ya mzee Arvo
niliitia katika sanduku la jirani yake
aliyekufa tangu Pasaka.
Siku nne Arvo alingoja. Hakunikaripia.
Alinitazama tu, nami nikajiona alivyoniona:
mtu anayefutwa na kifutio, taratibu,
kuanzia majina.

Usiku umeme mdogo hutembea vidoleni,
kama simu inayolia ndani ya nyumba
waliyokwisha kuihama watu.
Vello amelala. Simwamshi.
Adhabu ya kaburi aijua maiti,
na maiti, angalau, haamki saa kumi na moja
kupanga barua.

Machi, Kuressaare, daktari mgeni:
Riina Pihlak, kijana, soksi mbili zisizofanana.
Alisoma faili langu, kurasa arobaini na moja,
nami nikawa nahesabu matone
ya theluji iliyoyeyuka dirishani.
Nilifika mia na kitu, nikapotea.
Kisha akasema, "Sijui."

Neno hilo. Miezi ishirini na moja sikuwahi kupewa.
Walinipa "hakuna kitu." Walinipa "pengine."
Walinipa vidonge vya usingizi, mimi
ninayelala kama gunia na kuamka nimechoka.

"Sijui bado," akasema. "Anza mwanzo. Usiruke kitu."

Nikaanza na baiskeli. Na mkate. Na majani
yaliyokuwa marefu mwaka ule
kwa sababu mfyekaji alivunjika mkono.
Tulipofika pajani kalamu yake ikakauka.
Nikampa yangu, ya posta,
bado ina kipande cha kamba iliyokatika.
Akachora duara pembeni mwa karatasi,
akanigeuzia.

"Kubwa zaidi," nikasema.