Bei ya Ukungu

Picha ya kwanza: mwanga wa balbu
umeanguka katikati ya kadi kama yai la kukaanga.
Kipa ana magoti, ana gongo,
ana barafu ya kijivu chini ya viatu,
na pale penye kichwa, mng'ao mtupu.
Maelezo: "Hali nzuri sana. Tazama picha."
Nitazame nini, mama?

Picha ya pili, ukungu.
Ya tatu, kidole gumba chenye plasta
kimekalia upande uleule ninaoutaka.

Wanunuzi wengine wanauliza pembe,
wanauliza kingo, wanauliza kama pambizo ya kushoto
na ya kulia zimelingana sawasawa.
Haki yao. Hakuna apendaye
kuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Mimi nataka kuona midomo.

Nikaandika, kwa adabu ya mtu wa miaka sabini na sita
achapaye kwa kidole kimoja:
Bibi Hnatiuk wa Yorkton, salamu kutoka Sherbrooke.
Zima taa. Zima na ile ya kamera.
Itoe kadi kwenye plastiki, shika kingo tu.
Iweke dirishani saa nne asubuhi,
theluji ya nje itakufanyia kazi.
Usiisogelee mno. Shusha pumzi, kisha bonyeza.
Wako, Fernand Blouin, mpiga chapa mstaafu.

Siku mbili, kimya.
Bei ikapanda: dola arobaini, hamsini na tano.
Ukungu una wateja wake;
mtu asipoona, hujazia
kwa rangi ya tamaa yake.

Februari ya sabini na nne, zamu ya usiku.
Mashine ya rangi nne, mimi na Ovila Tanguay.
Njano ikapita. Samawati ikapita.
Nyekundu ikaingia imelegea, unene wa unywele,
kwa sababu skrubu moja haikukazwa,
na kuikaza ilikuwa kazi yangu.
Solange alikuwa wodini.
Sikio langu lilikuwa kwenye simu ya ukutani,
si kwenye mashine.
Karatasi mia tatu zilitoka
kabla Ovila hajapiga ukelele.
Msimamizi akasema zichomwe, tukazichoma.
Tulidhani tumezichoma zote.
Saa tisa usiku simu ikalia: binti,
kilo tatu kasorobo.
Sasa anaishi Calgary. Hapendi magongo.

Picha ya nne ikaja Jumapili.
Loo.
Hata nyuzi za karatasi zilionekana,
na mkunjo kwenye pembe, mdogo kama kope,
na doa la chai nyuma, karibu na uzito wa mchezaji.
Nikaikuza, nikaikuza tena,
hadi uso ukavunjika kuwa nukta,
nukta ambazo nimezihesabu maisha yangu yote.
Na ile nyekundu, maskini,
imeiacha midomo, imesimama shavuni,
kana kwamba kipa kabusiwa na mtu mwenye haraka.

Wenzangu nao wakaona.
Mmoja akaomba kujitoa, wa pili akamfuata,
wa tatu akaandika neno nisilolirudia hapa.
Bei ikashuka hadi dola kumi na moja,
yangu peke yangu.

Bi. Orysia akaniandikia usiku:
"Bwana Blouin, umeniharibia soko.
Picha mbaya ilikuwa inaniletea pesa nzuri.
Mimi sikujua kama ina kasoro,
niliikuta kwenye kopo la vifungo vya shangazi."

Ningemweleza nini? Habari za skrubu?
Nikamtumia hamsini na tano, bei ya ukungu,
maana mimi ndiye niliyemwambia afungue pazia.

Akashukuru. Akauliza, kabla hajaifunga,
kama anipigie pasi ile pembe, inyooke kidogo.

Nilimjibu kwa vidole vyote kumi.