Chupa ya Dirishani

Naryn, Januari. Mto umegeuka barabara,
punda wanaupita, nasi wa darasa la tano
tunaupita mbio, mikoba ikitupiga mgongoni.
Darasani jiko la makaa linakohoa.
Walio mbele wanaiva, walio nyuma wanaganda.
Mimi nilikuwa wa nyuma.

Mwalimu Jumabek alitufundisha kama ajazaye magunia:
mimina, shindilia, shona mdomo, lete jingine.
"Maji huganda kwenye sufuri. Andikeni mara kumi."
Tukaandika, na wino nao
ukaganda kwenye kalamu mara ya sita,
asitokee hata mmoja wa kucheka.
Aulizaye, alisema, anawachelewesha wenzake.

Alipostaafu akaja Sairagul,
mfupi, buti moja ina kamba nyekundu, moja nyeusi.
Hakushika chaki. Alishika chupa.
Akaijaza maji pomoni, akakaza kifuniko,
akafungua dirisha (baridi ikaingia kama mkaguzi),
akaiweka nje, juu ya kizingiti.
"Kesho," akasema.
Basi. Tukaendelea na sarufi.
Nani aliisoma hiyo sarufi?

Asubuhi kioo kilikuwa kimeanguka vipande,
na barafu imesimama peke yake,
ina shingo, ina mabega, umbo la chupa kamili,
kama mtu aliyevua koti akakosa pa kulitundika.

Tukamtazama mwalimu. Naye akatutazama.
"Nani kaivunja?"
"Baridi," Zamira alisema.
"Barafu," akasema Ermek, "imenenepa."
Mimi, nisijue kwa nini, nikasema: "Paka."
Darasa zima likaangua kicheko.
Yeye hakucheka. Akaandika PAKA ubaoni
chini ya BARIDI, chini ya BARAFU,
kwa herufi za ukubwa uleule.
"Haya. Tutajuaje?"

Jioni ile tulinyunyiza unga wa ngano
kuizunguka chupa ya pili.
Kulipokucha, chupa imepasuka,
unga mweupe, laini, hauna unyayo.
Nilikwenda ubaoni bila kuitwa
nikamfuta paka wangu kwa mkono wa sweta.
Sijawahi kukosea
nikarudi kukaa nimefurahi vile.

Ermek, maskini, hakutosheka.
Aliubeba ubishi mpaka nyumbani.
Chupa kumi na moja za jamu,
zilizooshwa na kutunziwa aprikoti za kiangazi,
alizijaza maji akazipanga uani usiku;
ya kumi na mbili akaichukua na kilichomo,
matango ya chumvi.

Mama yake alifika kipindi cha pili,
theluji ingali mabegani,
akamwaga kapu la vigae juu ya meza.
"Kumi na moja! Huku ndiko kusoma?"
Ermek akawa mdogo kuliko kalamu yake.
Sairagul akasimama, akaomba radhi,
akaahidi kulipa, halafu akanyamaza.
Mama naye alikuwa akitweta,
macho yake yakitangatanga ubaoni
kwenye michoro yetu, mishale yetu, majina yetu.
Kisha, kwa sauti nyingine kabisa,
sauti ya mtu anayejiuliza akikanda unga:
"Lakini ile ya matango…
mbona yenyewe haikupasuka?"

Jiko lenyewe liliacha kukohoa.
Mwalimu aliokota chaki. Hakuandika jibu.
Alimpa yeye.
Na yule mama, aliyeiacha shule kwa ajili ya kondoo,
akaandika polepole, herufi zikipanda mlima:
CHUMVI?
Alama ya kuuliza kubwa kuliko neno.

Ermek alichapwa usiku ule, nisilifiche hilo.
Ila kesho yake aliingia wa kwanza,
akaweka juu ya meza ya mwalimu
pakiti ya chumvi, kilo nzima, haijafunguliwa.
"Mama ameniambia," alisema, "nisirudi bila habari."