Mlango wa Tisa

Nguchiro wangu nimemchorea chumbani, Mabibo:
mkia wa nukta kumi na mbili, macho ya njano.
Nikampa mtaro, makopo ya kusukuma,
na milango tisa.

Wa tisa ukanishinda mwenyewe.
Kopo hili likikaa, lile linaziba njia.
Nimefuta, nimepanga upya,
hadi LUKU ikalia, giza.

Jana Mwajabu, binti wa mpangaji wa mbele,
akashika simu kwa vidole vyekundu vya ubuyu.
Hakusukuma kitu.
Alimwacha nguchiro akae tu juu ya tofali
mvua inyeshe, maji yapande,
makopo yaelee yenyewe.

"Kwani mtaro wetu hujawahi kuuona ukijaa?"

Na mvua ile niliiandika mimi,
nikidhani ni pambo.