Daftari la Zamu ya Usiku

Saa tisa na robo usiku. Nje, hasi thelathini na nane.
Tanuri la kwanza: limezimwa, bomba lina ufa.
Tanuri la pili: linawaka, linanguruma kama aliyeamshwa kwa ubishi.
Tanuri la tatu: linawaka, lakini lina deko.
Naandika kwa penseli.
Wino wa hapa huganda mlango ukiachwa wazi.

Sisi ni wadogo, sikatai.
Megawati nane, dohani moja,
mkanda wa makaa wenye viraka
kama suruali iliyorithiwa na mtoto wa tatu.
Wakubwa wako kusini, kilomita mia sita,
wanatuletea umeme kwa waya mmoja unaovuka nyika.
Kwenye ramani ya wizara
mtambo wetu ni nukta iliyoachwa na nzi.

Mkaguzi Luvsandorj alikuja vuli, na kikokotoo chake.
Akasema: asilimia mbili tu ya umeme wa mkoa,
asilimia tisa ya masizi yake.
Sikumbishia. Hesabu zake nazifua kila Jumamosi,
zimo kwenye shuka, zimo kwenye kola,
zimo kifuani mwa mwanangu Temuulen
anayelala ameketi, mto mgongoni,
akipumua kama mlango unaofungwa polepole.
Moto huzaa jivu.
Na jivu nalo lina watoto.

Lakini andika na hili, Luvsandorj.
Usiku wa tarehe kumi na nne upepo ulikata waya wa kusini.
Taa zikasinyaa, zikawa rangi ya chai ya kurudia majani.
Sindano ya mizunguko ikaanza kushuka:
hamsini, arobaini na tisa,
arobaini na nane na nusu.
Mji mzima umening'inia kwenye mkanda wenye viraka.
Gombosuren akawatoa wapakuzi na sururu,
makaa yamegandamana ndani ya behewa kama mwamba;
wakayapiga, wakayatukana,
wakayabembeleza.

Na mimi mbele yangu swichi kumi na moja:
hospitali, pampu ya maji, bweni la watoto wa wafugaji,
kiwanda cha mkate, soko, mitaa sita.
Mzigo umetuzidi, kuna atakayeshushwa.
Nilikata soko.
Nikakata mkate.
Sindano bado inashuka.
Nikakata Mtaa wa Nne.

Mtaa wa Nne ni kwetu.
Mama yumo, na miaka yake themanini na moja,
na Temuulen, na mashine yake ya kuvutia dawa.
Sikuandika kwa nini.
Daftari lina safu ya saa na safu ya kitendo,
halina ya tatu.

Sindano ilisimama. Ikafikiri. Ikapanda.

Asubuhi nilikimbia bila kufunga koti.
Mama alikuwa amelifufua jiko la bati,
anachochea samadi kavu ya ng'ombe,
mtoto amezama ndani ya ngozi tatu za kondoo,
pua tu iko nje, inahema.
Mama akaniuliza swali moja:
"Hospitali ilikuwa na taa?"
"Ilikuwa."
"Basi kaa, chai ina chumvi ya kutosha."

Barua imefika juzi. Tutakuwa akiba:
tutazimwa, tutapakwa grisi, tutangojea dhiki ya wengine.
Paneli za jua zitapanda kilimani.
Nazisubiri, wallahi; mwanangu anazisubiri kuliko mimi.
Akiba haiozi, husemwa.
Haiozi, ila hushika kutu,
na tanuri lililopoa haliamki kwa kuitwa jina.
Linataka saa kumi na nne, kuni kavu,
na mtu anayelijua deko lake.
Gombosuren anastaafu theluji ikiyeyuka.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Tanuri la tatu limetulia.
Theluji kwenye kizingiti cha dirisha ni nyeusi.
Nimeiandika hiyo pia,
pembeni, nje ya mistari.