Ulimi wa Chuma

Mashine ililia mara tatu. Zahrani akapiga magoti
kwenye magofu ya Ibra, nyuma ya jumba lisilo na paa,
akafukua kwa kijiko cha bustani
kitu cha kiganja na nusu:
shingo nyembamba, kichwa bapa cha mviringo,
na ukingoni meno.

Akakileta nyumbani ndani ya kilemba chake
kama mtu aliyeokota kifaranga.

Wakakizunguka sebuleni. Birika lilikuwa mkononi mwangu.
Mhenna akasema ni cha kumchomea farasi ubavuni.
Shemeji yake akasema ufunguo wa ghala, tazameni meno.
Mwalimu wa historia akavaa miwani, akavua, akavaa,
akasema silaha, bila shaka silaha, ya Wareno, labda.
Wakakipima kwa mizani ya dhahabu ya mke wa Zahrani,
wakakipiga picha kando ya sarafu ya baisa hamsini,
picha ikaenda Maskati kwa mjuzi,
na mjuzi akajibu: pengine tandiko la ngamia.

Nikamimina kahawa. Kikombe cha Mhenna kikafurika.

Kitendawili. Nilijitegea mwenyewe kimoyomoyo:
mbuzi wangu hali majani,
namkalia mgongoni anatafuna nyama nyeupe,
na haimezi.

Nilimkalia kabla sijajua kusoma,
uani kwetu Pangani, miguu haifiki chini,
mama akinionya: zungusha kifuu, usikandamize,
ukiona weusi acha, tui litachafuka.
Kidole gumba changu kina alama ya jino lake hadi leo.

Nikasema: "Bwana, huyu ni mbuzi."
Kwa Kiarabu changu cha jikoni.
Wakacheka hadi tende zikawapalia.
"Mbuzi! Anatoa maziwa?"
Nikasema anatoa.
Wakazidi kucheka.

Usiku nikapewa nikisugue. Ukwaju, mchanga, tambara.
Kutu ikachuruzika nyekundu kwenye sinki.
Meno kumi na tisa, mawili yamevunjika,
na shingoni mikwaruzo mitatu, si ya mhunzi,
ya mtu anayesema: hiki changu, msinichanganyie.

Nani wewe?
Hapa ni mitende tu, na mlima,
na maji ya falaji yanayopita chini ya ukuta bila kugeuka.
Mnazi wa karibu uko Salala, siku nzima kwa gari.
Uliambiwa utakuta nazi?
Ulikuja kwa ndoa, na sanduku na mkufu,
au ulikuja kwa namna ile nyingine
tusiyoitaja tukimimina kahawa?
Miaka mingapi ulikuna hewa?

Chuma hakisemi.
Na mimi nilipofungasha begi
nilitia kitu ambacho hapa hakina kazi.
Sitakitaja.

Alhamisi nikanunua nazi kwa Mmalabari wa kona,
nikaitikisa sikioni: ina maji.
Wenyewe walikwenda harusini.
Nikamfunga mbuzi kwenye ubao wa kreti la tende,
kwa kamba ya kuanikia nguo,
nikamkalia, na sasa miguu inafika chini.
Aling'ata.
Miaka mia, au mia na ushei, na aling'ata!
Tui la kwanza, tui la pili, chumvi, mchele.
Nikamfungua, nikamwosha, nikamrudisha.

Ijumaa wakala hadi ukoko.
Mhenna akalamba vidole: "Wali huu umetiwa nini?"
"Maziwa," nikasema.
"Ya nani?"

Hakuna aliyecheka kwa haraka.
Zahrani akainuka na mkono wake wenye mafuta,
akasimama mbele ya kabati la kioo
ambamo kitu kimelala juu ya mahameli,
na karatasi kwa mwandiko wa mwalimu:
Sehemu ya silaha. Asili haijulikani.
Akainama. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Kwenye jino la saba ilibaki chembe ya chicha.
Sikuiona wakati wa kuosha.
Au niliiona.