Jibu kwa Ipyana

Unaniuliza, Ipyana, upi mgumu
kati ya mitihani miwili ya wingu niliyoifanya,
maana una ada ya mmoja tu
na hiyo yenyewe umeikopa.

Sijui nianzie wapi.
Hapa Uyole neno wingu lina mwenyewe:
linashuka toka Uporoto alfajiri,
linalalia viazi, linaingia jikoni bila hodi.
Hilo halitoi vyeti.

Mtihani wa Januari una maneno mengi.
Kila swali hadithi: kampuni fulani ina maduka mia tatu,
data yake inakuja kwa manyunyu mchana,
usiku inamwagika,
na mkurugenzi anataka taarifa kabla ya chai
lakini kulipa hataki.
Majibu manne, na yote yanafanya kazi.
Ndiyo hila yake.
Wewe utafute lile ambalo mkurugenzi
hatalilalamikia mwisho wa mwezi.
Nilikwama hapo dakika nyingi,
kisha nikamkumbuka mama pale Mwanjelwa
anavyobonyeza shingo ya lumbesa kwa dole gumba
ajue kilichofumwa juu ni viazi au ni majani matupu.
Nikaanza kubonyeza maswali.
Nikafaulu, kwa alama ambazo sikutajii.

Wa Juni hauna hadithi.
Unataka amri, herufi kwa herufi.
Jedwali limeharibika usiku: lirudishe lilivyokuwa jana.
Bomba la data limeziba: mstari upi umekosewa?
Maswali mafupi, makavu,
kama baridi ya mwezi ule inayopasua midomo.
Huwezi kubahatisha. Ama mikono yako imewahi kuifanya kazi hiyo
ama haijawahi.

Sasa wewe, unayeingiza uzito wa majani ya chai
kwenye kompyuta ya kiwanda kule Katumba,
unayerekebisha jedwali huku wapimaji wanapiga kelele mlangoni,
Juni pengine utauona mwepesi.
Januari utakuchosha. Nakujua,
barua ndefu huwa unasoma mwanzo na sahihi.

Lakini ngoja, kuna jambo wanaolinganisha hawalisemi.

Juni nilikaa nyumbani, kamera ikinitazama.
Msimamizi alikuwa sauti tu, ya mbali,
akalitamka Tupokigwe kama mtu anayevuka matope
ameshika viatu mkononi.
Nionyeshe chumba, akasema. Nikazungusha kompyuta.
Nionyeshe chini ya meza.
Chini ya meza palikuwa na gunia.
Ni nini hicho? Viazi. Vya nini?
Nikakosa jibu. Nimesoma miezi mitano, Ipyana,
na swali la kwanza lililonishinda
halikuwa hata ndani ya mtihani.
Kitoe, akasema. Peke yako.
Nikaliburuta hadi ukumbini, mgongo ukilia,
nikarudi na udongo kwenye kucha
nikagusa herufi ya kwanza nikaichafua.

Swali la kumi na tisa, umeme ukakatika.
Haikuwa mvua, haikuwa upepo, ulikatika tu.
Nikaunga bando la simu, likasuasua,
sauti ikasema muda wangu unaendelea.
Nilikosa kwa alama mbili.

Ada ya kurudia ni magunia manne kwa bei ya shamba,
siyo ile bei ya Dar unayoisikia redioni.
Mama hakuuliza kitu.
Aliyahesabu mara mbili, akayafunga,
akaniambia nishike kamba upande wa pili.

Niliurudia Agosti, nikafaulu.
Cheti kipo, nimekitundika nyuma ya mlango
mahali wageni hawaoni.

Kwa hiyo njoo Jumamosi, uje na daftari.
Nitakuchorea mabomba yote, ya Januari na ya Juni.
Ila kabla hujalipa popote, nijibu mimi kwanza:
kwenu umeme hukatika saa ngapi?
Na chini ya meza yako
kuna nini?